Mwonja supu wa Richardson aliyepotewa na ladha

Nje bado kuna giza. Ndege weusi wa Texas wameshaanza kugombana kwenye miti ya maegesho, na ndani ya jiko la hoteli moja mjini Richardson, kaskazini mwa Dallas, mwanamke mfupi aliyejifunga kilemba cha bluu anavunja vichwa vya dagaa.

Anavivunja kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kichwa kinakwenda kwenye pipa, utumbo mweusi unafuata, na mwili unatumbukia kwenye sufuria ya maji baridi yenye kipande cha mwani mkavu. Hatazami mikono. Macho yake yako kwa mwandishi wa makala haya, ambaye anapiga miayo bila aibu.

"Wewe ndugu yangu hujalala. Kunywa kahawa kwanza, dagaa hawakimbii."

Huyu ni Gaudence Barakamfitiye, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, mama wa watoto watatu. Majirani zake wa mtaa wa Vickery Meadow, mjini Dallas, wanamwita Mama Raïssa. Wafanyakazi wenzake hotelini wanamwita Japan, kwa sababu yeye ndiye anayepika na kuisimamia meza ya Kijapani ya kifungua kinywa.

Mfuko wa dagaa aliouzoea leo umebaki na vumbi tu, hivyo amefungua mwingine aliouona stoo, nyuma ya magunia ya mchele. Dagaa hawa wanatoka Japani na wamekaushwa vizuri, warefu kidogo kuliko wale wa Kigoma. Mtu wa Kigoma akiwaona hatauliza ni nini. Atauliza ugali uko wapi.

Ukumbi wa chakula wa hoteli hii una pande mbili. Upande mmoja ni Marekani: mayai ya kuvuruga, nyama za kukaanga, na mashine ya waffle inayolia kila inapomaliza kazi. Upande wa pili, chini ya dirisha, kuna wali mweupe, samaki wa kuchoma, mayai yaliyokunjwa kama mkeka, achari ya figili, supu ya miso ya rojo la soya na maji ya dagaa wale, na soya nzima iliyochachushwa ambayo inavuta kamba kuliko mlenda.

"Hiyo soya mume wangu aliiona siku moja akasema kazi yangu ni kuwalisha watu maharage yaliyooza," anasema Gaudence. "Nikamwambia Baba Raïssa, na wewe unakunywa pombe ya ndizi, unafikiri ndizi zilikuwa zinalala?"

Anacheka, kisha anatazama saa ya ukutani na kicheko kinakatika. Leo si asubuhi ya kawaida kwake.

Muda si mrefu atashuka kwa lifti mgeni anayeitwa Mzee Tadokoro, mhandisi kutoka kaskazini mwa Japani, ambaye kwa miaka saba amekuwa akija Richardson kikazi mara mbili au tatu kwa mwaka. Anastaafu. Leo anakula hapa kwa mara ya mwisho. Gaudence anataka kumpa kitu kimoja tu kabla hajaondoka, nacho ni supu aliyoionja kwa ulimi wake mwenyewe.

Kwa miaka mitatu na zaidi hajaweza kufanya hivyo.

Gaudence alizaliwa uhamishoni. Wazazi wake walitoka Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, wakakimbilia Tanzania mwaka 1972. Yeye alikulia huko, na ujana wake ukaishia kwenye mojawapo ya kambi za Kasulu, mkoani Kigoma, ambako ziwa lilibaki kuwa hadithi ya mama yake tu.

"Mama alikuwa hawezi kulisahau ziwa," anasema. "Kambini tulikuwa hatuendi mbali. Kwa hiyo ziwa lilikuwa linakuja kwetu kwenye gunia, siku ya soko. Dagaa. Mama anaingiza mkono mpaka chini kabisa ya gunia, anatoa kiganja kimoja, ananusa. Akinyamaza, tunanunua. Akisema 'Hawa wamelala njiani,' tunaondoka, hata kama nyumbani hakuna kitu."

Wamelala njiani. Alikuwa na maana kwamba dagaa wamechelewa, mafuta yao yameanza kuchacha, na muuzaji anajua. Gaudence anasema wauzaji walikuwa wakimwona mama yake anakuja wanaanza kujitetea kabla hajafika.

Mama huyo alifariki mwaka mmoja kabla ya familia kuletwa Marekani, mwaka 2008. Amezikwa Kasulu. Gaudence ana picha yake moja tu, ya kitambulisho, na ndani ya picha hiyo mama amekunja uso kwa sababu ya jua.

Dallas ilimpokea kwa kazi za usiku kwenye bohari, kisha kwenye chumba cha kufulia cha hoteli hii. Mwaka 2018 wageni wa Kijapani walipokuwa wengi, hoteli ilileta mpishi kutoka kwao kwa mwezi mmoja ili afundishe mtu. Mpishi akafungua mfuko wa dagaa wakavu katikati ya jiko. Harufu ilipotoka, wafanyakazi wa jiko wakarudi nyuma.

Gaudence alikuwa anapita na kapu la vitambaa. Akasimama, akachukua dagaa mmoja bila kuulizwa, akamvunja kichwa, akatoa utumbo, akatafuna.

"Nilikuwa sijatafuna dagaa mkavu muda mrefu," anasema. "Nilimwona mama kabisa, na ule uso wake wa jua. Yule mpishi akaniangalia mikono. Kesho yake nika-apply. Siku-apply mimi kwa kweli, walini-apply wao."

Sasa analipwa dola kumi na nane kwa saa, mbili zaidi ya alizokuwa akipata kwenye kufulia. Lakini nusura arudishwe huko wiki ya kwanza tu, na kosa lenyewe lingefanywa na Mrundi peke yake.

Kwa Warundi wa kizazi cha mama yake, kinywaji hakipewi mgeni kabla mwenye nyumba hajakionja mbele ya macho yake. Unapiga funda moja, unatulia, ndipo unampa. Maana yake ni kwamba maisha yako yako salama kwangu, na kama kuna ubaya humu, utaanza na mimi. Kumpa mgeni kinywaji kisichoonjwa ni kama kumfungulia mlango huku umempa mgongo.

Basi mgeni wa kwanza aliposogea na bakuli, Gaudence akalijaza supu, akapiga funda, akampa kwa mikono miwili.

Sheldon, msimamizi wa kifungua kinywa, aliona. Ni mtu mkubwa kutoka Lubbock, magharibi mwa Texas, mtaratibu wa kusema, na siku hiyo alisema yote. Akamweleza juu ya wakaguzi wa afya, juu ya vijidudu, juu ya hoteli kufungiwa. Akamaliza kwa kumwambia akirudia atarudi kwenye laundry.

"Hakuwa mbaya," anasema Gaudence. "Alikuwa na haki. Ila na mimi nilikuwa na mgeni."

Wakakutana katikati. Kijiko cha plastiki, kinachotumika mara moja na kutupwa. Gaudence anachota supu kwenye sufuria, anaonja mbele ya mgeni, anakitupa kijiko, anatikisa kichwa kukubali, ndipo anapakua. Wageni wengi walidhani ni mila ya Kijapani. Wajapani wenyewe walidhani ni ya Texas.

Mzee Tadokoro ndiye pekee aliyeuliza. Kiingereza cha wote wawili ni cha kuokoteza, lakini alielewa mara moja. Tangu siku hiyo, kila akija, husimama mbele ya sufuria na bakuli mikononi, akisubiri aonjewe. Hajawahi kunyoosha mkono kabla ya kijiko.

Mwenyewe ni mtu wa kusafiri kwa ajili ya kifungua kinywa. Anapokuwa likizo kwao, huchagua hoteli kwa chakula cha asubuhi, si kwa kitanda. Gaudence anazijua hoteli hizo zote kwa masimulizi: mji ambao asubuhi wanakupa ngisi aliyekatwa mwembamba kama tambi, mji ambao mayai mekundu ya samaki unajimwagia mwenyewe juu ya wali mpaka uone aibu, mji ambao supu inapikwa kwa kaa.

"Ananieleza huku anakula," anasema. "Mimi nimesimama, yeye anakula, na tunasafiri wote wawili."

Kisha ukaja mwanzo wa mwaka 2022. Nyumba nzima iliugua Korona. Wengine wakapona na kusahau. Gaudence alipona, ila pua na ulimi vikabaki kimya.

"Chai, maji moto. Pilipili, moto tu. Sabuni, hakuna kitu. Hilo ningelivumilia. Lakini niliporudi kazini nikafungua mfuko wa dagaa, nikaingiza uso mzima, hakuna. Nilimkosa mama. Nilimzika mara ya pili ndani ya jiko, na bekoni zinakaangwa pembeni."

Hakumwambia mtu hotelini. Aliogopa kurudishwa kwenye kufulia, na hilo mtu anaweza kulielewa. Akaendelea kupika kwa kupima na kwa mazoea ya mkono. Na akaendelea kuonja. Kila asubuhi alichota, akaonja, akatikisa kichwa mbele ya wageni, huku mdomoni mwake hamna habari yoyote.

"Hapo ndipo nilipokuwa naumia," anasema, na sauti inashuka. "Nilikuwa namwambia mgeni uko salama, na mimi sijui. Hiyo kwetu si uongo mdogo."

Nyumbani alimwambia binti yake, Raïssa, ambaye sasa anasomea uuguzi. Raïssa alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Mom, just tell them," yaani waambie tu. Mama akamwambia hayo ni rahisi kusema ukiwa na pua.

Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Miezi michache baadaye bakuli zikaanza kurudi nusu. Alikuwa akiacha dagaa wachemke kupita kiasi na supu ilikuwa chungu. Aliziona bakuli, hakujua zina nini. Akamwaga, akapika vilevile kesho yake.

Wiki hiyo Mzee Tadokoro alikuwepo. Alisubiri kijiko, akapokea bakuli, akanywa, akaliweka mezani. Lilibaki nusu. Asubuhi iliyofuata alishuka mapema kuliko wote, akiwa na kijiko alichokichukua kwenye meza ya kahawa. Akaigusa pua yake kwa kidole, akamtazama Gaudence kwa kuuliza.

Gaudence akaanza kulia pale pale, upawa mkononi.

Hali hiyo ilikuwa imempata Mzee naye, mwaka 2020, akakaa miezi mingi bila kujua tofauti ya wali na karatasi. Akakitia kijiko kwenye sufuria, akaonja, akatikisa kichwa kukataa. Akamwonyesha kwa vidole: punguza moto, toa dagaa mapema. Akaonja tena. Akakubali.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Husema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alijichukulia jembe mwenyewe, nalo lilikuwa la plastiki.

Ni yeye aliyemshauri azungumze na Sheldon. Gaudence alikwenda ofisini akiwa amejiandaa kwa kufulia. Sheldon alimsikiliza, kisha akauliza: "Sasa nani anaonja?"

Tangu siku hiyo Mzee Tadokoro asipokuwepo, mwonjaji wa supu ya miso katika hoteli hii ni Sheldon wa Lubbock, ambaye kabla ya hapo samaki aliyemfahamu ni wa kukaangwa na unga wa mahindi. Yule aliyetaka kumrudisha mtu kwenye kufulia kwa sababu ya kuonja, sasa anatembea na vijiko vya plastiki mfukoni.

"Miezi sita ya kwanza nilikuwa nakisia tu," anakiri Sheldon. "Sasa naweza kukwambia kama mwani umekaa muda mfupi. Mke wangu haamini."

Daktari alimwambia Gaudence kwamba harufu inaweza kurudi, au isirudi, na akamfundisha kunusa vitu kila siku ili kuizoeza pua: karafuu, ganda la chungwa, kahawa. Gaudence akaongeza mfuko wa dagaa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aliingiza uso ndani. Kila asubuhi hakuna.

Mwaka jana, jioni moja, mumewe Lambert alirudi kutoka kazini kwenye bohari, akavua viatu mlangoni. Gaudence aliyekuwa jikoni akageuka.

"Nilisikia soksi," anasema. "Nilimkumbatia yule mzee na soksi zake. Hakujua amefanya nini."

Lambert alipoulizwa na mwandishi alithibitisha habari hizo bila furaha. "Miaka ishirini na sita ya ndoa, na kitu kilichomliza kwa furaha ni miguu yangu," alisema.

Tangu hapo harufu zinakuja na kuondoka. Kitunguu siku moja, petroli siku nyingine, nywele za mjukuu. Dagaa hapana. Na supu bado anaonjewa.

Ndiyo maana asubuhi hii, supu ikiwa tayari, Gaudence hajaigusa. Feni kubwa ya jikoni inavuta mvuke wote juu pamoja na moshi wa bekoni. Sheldon ameonja na kuinua kidole gumba. Mwandishi amepewa bakuli, akamaliza, akaomba la pili, naye anaona supu haina kasoro hata moja.

"Na wewe hutaki kujaribu?" mwandishi anamuuliza.

"Naogopa," anajibu. "Nikijaribu sasa nikakosa, nitasimamaje mbele yake?"

Mzee Tadokoro anashuka akiwa amevaa koti la safari. Mkoba wake anauacha kando ya mlango. Anainama, Gaudence anainama, na kilemba chake kinasogea kidogo. Mzee anachukua bakuli kwa mikono miwili na kwa mkono wa tatu, kama angekuwa nao, angechukua kijiko, maana anakitafuta kwa macho. Gaudence anakiwahi yeye.

Anachota. Anapuliza. Anaweka mdomoni.

Hatikisi kichwa. Anabaki na kijiko mdomoni kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Anainamia sufuria, anavuta mvuke, anafumba macho.

"Hawa wamelala njiani," anasema.

Anasema kwa Kiswahili, polepole, na katika ukumbi ule hakuna anayeelewa isipokuwa mwandishi. Sauti si yake kabisa. Ni sauti ya mwanamke mwenye mkono ndani ya gunia, siku ya soko.

"Imeharibika?" anauliza Mzee Tadokoro kwa Kiingereza, akimsoma usoni.

"Imeharibika," anasema Gaudence, na machozi yanamtoka huku anacheka. "Imeharibika kabisa. Dagaa wamechacha. Mzee, hii supu ni mbaya."

Mzee anaonja. Anafikiri. Kisha anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, na analazimika kuliweka bakuli chini. Sheldon anakuja mbio kutoka upande wa waffle, anaonja tena, na bado hasikii chochote. Mwandishi naye anakumbuka bakuli zake mbili na anaamua kunyamaza.

Mfuko wa nyuma ya magunia ya mchele ulikuwa na vumbi la miezi mingi. Hakuna aliyejua. Kwa miaka mitatu iliyopita Gaudence asingejua pia, na supu ile ingekwenda kwa wageni na baraka zake zote.

Anaibeba sufuria, anaimwaga. Anapika nyingine kwa mwani peke yake, bila dagaa. Gari la uwanja wa ndege limeshafika nje, dereva anatazama kupitia kioo, na Mzee Tadokoro amekaa kwenye kiti chake chini ya dirisha kama mtu asiye na safari.

Supu inapokuwa tayari anasimama tena na bakuli. Gaudence anachota, anaonja, anatulia. Anatikisa kichwa kukubali. Mzee anainua bakuli mpaka uso wote unafichika nyuma yake, na anapolishusha halina kitu.

Wanaagana kwa kuinama. Mzee anarudi mara moja kutoka mlangoni kumwambia neno moja, "Oktoba," kisha anaondoka.

Oktoba ndiyo mpango wenyewe. Gaudence na Lambert, ambao sasa ni raia wa Marekani, wamekuwa wakiweka akiba ya nauli kwenda Hakodate, mji wa Mzee Tadokoro, ule wa ngisi aliyekatwa kama tambi. Mzee ameshachagua hoteli. Kwa kifungua kinywa, bila shaka. Kitanda hajakitaja.

Gaudence anasema hajawahi kukaa kwenye kiti na kula kifungua kinywa cha hotelini, miaka yote hiyo. Huwa anakula amesimama, akirudi jikoni.

Ule mfuko wa dagaa wabovu ameukunja vizuri na kuutia kwenye mkoba wake. Sheldon alimwambia autupe. Amekataa. Anataka kwenda nao nyumbani Vickery Meadow anuse taratibu, na Lambert alalamike akichoka.

"Oktoba nitakaa," anasema, akifunga mkoba. "Nitaletewa bakuli. Na yule atakayeniletea asipoonja kwanza sitamlaumu, hawana desturi hiyo. Nitaonja mwenyewe. Na kama wamelala njiani, nitamwambia kama mama."